Kitufe Kiseme Kinachofanya: Uchaguzi wa Maneno katika Kazi ya Kuchora Ramani kwa Kujitolea

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili



Katika ratiba yenu mmeona kwamba saa hii imetengwa kwa ajili ya kazi ya kuchora ramani za vijiji. Pengine wengi mlitegemea tuzungumze juu ya bei ya kompyuta, vifurushi vya intaneti au nauli za vijana. Hayo yamo katika taarifa ya fedha ambayo mmekwisha kugawiwa. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani maneno yanayoandikwa juu ya vitufe ambavyo kijana anavibonyeza akiwa kazini.

Tumelichagua kwa sababu moja. Asilimia ya kazi iliyokamilika, ile ambayo kamati huisoma na mfadhili huipokea katika taarifa ya robo mwaka, inatokana na vitufe hivyo. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu upya. Programu inahesabu ni mara ngapi watu wamebonyeza kitufe cha kusema kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo mtu akikielewa kitufe vibaya, tarakimu inayofika mezani inakuwa si ya kweli, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kazi inavyokwenda

Kwa faida ya wale ambao hawajaiona kazi hii, tuieleze kwa kifupi. Ramani iitwayo OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo mradi ataje ilikotoka. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta zao, wakatazama picha za satelaiti, wakachora barabara na majengo ya mji wa Port-au-Prince, na waokoaji waliokuwa huko wakazitumia ramani hizo. Mwaka huo huo liliundwa rasmi shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team ili kazi ya namna hiyo iwe na utaratibu.

Utaratibu ulihitajika kwa sababu watu wengi wakichora mji mmoja kwa wakati mmoja, wawili hujikuta wanachora barabara ile ile, na barabara ya pili haichorwi na mtu. Ndipo ikatengenezwa programu ya kugawana kazi inayoitwa Tasking Manager. Baadaye, mwaka 2014, mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na Humanitarian OpenStreetMap Team walianzisha mpango wa Missing Maps, ili maeneo yenye watu walio katika hatari yachorwe kabla maafa hayajafika. Hapa Tanzania, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania, uliojielekeza vijijini. Moja ya sababu za kuanzishwa kwake ilikuwa kuwasaidia watu wa mkoa wa Mara wanaowahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji, ili wajue njia ya kufika kule msichana aliko.

Sasa tuangalie kijana akiwa kazini. Eneo la kuchora, tuseme kata moja, limekatwa vipande vya miraba. Kijana anachagua mraba mmoja, na programu inauwekea kufuli ili mwingine asiuchukue. Anafungua picha ya satelaiti, anachora kila nyumba, kila njia na kila mto anaouona ndani ya mraba ule. Akiishia hapo anarudi kwenye programu na kueleza hali ya mraba wake: ama umechorwa wote, ama bado, ama picha haifai. Mraba uliochorwa wote unakwenda kwa mtu mwenye uzoefu zaidi, ambaye anauhakiki. Akiridhika, anaukubali. Asiporidhika, anaurudisha ukachorwe zaidi. Kijana akiondoka bila kusema lolote, kwa kawaida kufuli hujiondoa lenyewe baada ya saa mbili.

Mnaona kwamba kazi yenyewe ya kuchora ni ya macho na mkono. Lakini mapatano kati ya mchoraji mmoja na mwingine, ambao pengine hawajawahi kuonana, yamo yote katika vitufe vitano au sita. Kwa wachoraji hawa kitufe kinashika nafasi ya salamu, makabidhiano na sahihi.

Kinachopotea neno likiwa na utata

Tuchukue mraba wenye nyumba arobaini. Kijana amechora ishirini na tano, jua linazama, kompyuta inahitajika nyumbani kwa mchungaji. Anarudi kwenye programu, anaona kitufe kimeandikwa "Maliza". Naye kweli anataka kumaliza, maana amechoka na anataka kwenda zake. Anabonyeza. Yeye amesema, "Nimemaliza kwa leo." Programu imesikia, "Mraba huu umekamilika." Kuanzia hapo mraba ule hautolewi tena kwa mchoraji mwingine. Unasubiri mhakiki, na pale ambapo wahakiki ni wachache unaweza kusubiri muda mrefu, huku ukihesabiwa katika asilimia ya kazi iliyofanyika.

Nyumba kumi na tano hazionekani kwenye ramani. Timu ya kugawa vyandarua au ya chanjo ikitumia ramani ile kukadiria idadi ya kaya, itabeba vifaa vya nyumba ishirini na tano. Mratibu wa afya ya jamii akipanga njia ya siku moja, njia yake itaishia pale ramani inapoishia. Ramani isiyo na kitu inajulikana kwamba haina kitu, na mtu mwenye busara atauliza wenyeji. Ramani yenye nusu ya nyumba, iliyoandikwa kwamba imekamilika, humfanya mtu aache kuuliza. Ndiyo maana tunasema kitufe chenye utata ni cha hatari kuliko mraba usioguswa kabisa.

Maneno yetu yenye maana mbili

Programu ya Tasking Manager ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Kiswahili chetu kina maneno mazuri ambayo yakisimama peke yake juu ya kitufe yanavuta pande mbili. Tumeyakusanya yale yanayohusu kazi hii, na tungependa kila kamati iyajue.

La kwanza ni hilo la "Maliza". Ni amri, lakini haisemi ni kitu gani kinamalizwa: zamu yangu au mraba. Badala yake yanahitajika maneno mawili yanayotofautiana wazi: "Mraba wote umechorwa" na "Naacha, mraba bado haujaisha". Ni marefu kidogo, lakini hakuna anayeweza kuyachanganya.

La pili ni "Funga" na "Fungua". Kwetu sisi kufunga kazi ni kumaliza kazi, kama tunavyofunga ofisi au kufunga duka jioni. Katika programu, kufunga ni kuweka kufuli, yaani kuanza kazi. Na kufungua, ambako sisi tunakuona kama kuanza, ndiko programu inakokuita kuacha, kwa sababu kufuli linaondolewa ili mwingine aingie. Katika matoleo ya zamani ya programu hii, kitufe cha kuondoa kufuli kilisimama karibu na kile cha kuweka alama ya kukamilika, na Kiswahili cha kawaida kinamsukuma mtu upande usiofaa. Ushauri wetu ni kwamba neno la kufuli lisitumike kabisa. Mchoraji hahitaji kujua habari za kufuli. Anahitaji kujua "Anza kuchora mraba huu" na "Mwachie mwingine mraba huu".

La tatu ni "Gawa". Mraba ukiwa na nyumba nyingi mno, mchoraji anaweza kuukata vipande vinne ili kila kimoja kichukuliwe na mtu wake. Lakini kugawa kwetu pia ni kuwapa watu: tunagawa chakula, tunagawa vitabu vya nyimbo. Mtu akiona "Gawa" anaweza kudhani anawapa wenzake kazi aliyokwisha kuichora. Neno "Kata mraba huu vipande vinne" halina shida hiyo.

La nne ni "Pakia" na "Pakua". Tunalitaja kwa mkazo. Pakia ni kupeleka kitu kwenye mtandao, pakua ni kukichukua kutoka mtandaoni kuja kwako. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu, tena katikati. Kwenye skrini ndogo ya simu, juani, kwa mtu aliyesahau miwani yake, ni neno moja. Heri "Peleka kwenye ramani" na "Chukua kwenye kompyuta yangu".

La tano ni "Picha mbaya". Hiki ni kitufe cha kusema kwamba picha ya satelaiti imefunikwa na wingu, jambo la kawaida katika miteremko ya milima yetu, au haionyeshi vizuri. Hatuna haja ya kuwaeleza wazazi waliopo hapa kijana anafikiri nini akisikia maneno "picha mbaya". Tuandike "Picha haionekani vizuri".

La sita linahusu uhakiki. Mraba uliorudishwa kwa marekebisho zamani uliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kubatilishwa. Neno "batili" kwetu ni zito. Ndoa huwa batili, uchaguzi huwa batili. Kijana aliyejitolea Jumamosi yake yote, akikuta kazi yake imeandikwa "batili" kwa sababu alisahau vibanda vitatu, atafanya nini? Wengi hawarudi. Katika toleo la nne la programu wenyewe waliotengeneza walibadilisha jina hilo, wakaandika maneno yenye maana kwamba uchoraji zaidi unahitajika. Hilo ni somo kwetu: jina la hali ya kazi lieleze kinachotakiwa kufanyika baadaye. Lisitoe hukumu juu ya aliyefanya. Kiswahili chake kiwe "Urudiwe kidogo" au "Bado kuna vya kuchora".

Na katika hilo hilo la uhakiki, neno "Thibitisha" linatumika mahali pawili. Mara nyingi programu huuliza, "Thibitisha?", ikimaanisha tu, "Una hakika unataka kuendelea?" Lakini mhakiki naye anathibitisha mraba. Neno moja lisifanye kazi mbili ndani ya chombo kimoja. Sisi tunapendekeza "Hakiki" libaki kwa kazi ya mhakiki, na mahali pengine pote liandikwe "Ndiyo, endelea".

Mwisho, neno "mtaa". Wenzetu wa mijini wanajua mtaa ni ngazi ya serikali. Kwetu sisi Walutheri mtaa ni sehemu ya usharika, yenye mwinjilisti wake. Swali "Je, mtaa umekamilika?" litajibiwa na mwinjilisti kwa kufikiria washarika wake, na na mwenyekiti kwa kufikiria wakazi wake. Kwa sababu hiyo tumeshika neno "mraba" tu, ambalo halina mwenyewe.

Habari ya kuhifadhi

Tumeliacha neno la "Hifadhi" lisimame peke yake kwa sababu ndilo linalopoteza kazi nyingi zaidi, na halitatuliwi kwa tafsiri pekee.

Kuna programu mbili za kuchorea ambazo vijana wetu wanazitumia. Ile nyepesi, inayofunguka ndani ya intaneti yenyewe, inaitwa iD. Humo ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi unaulizwa uandike maneno machache kuhusu ulichochora, kisha unakipeleka moja kwa moja kwenye ramani ya dunia. Ile nzito, wanayoipenda wazoefu, inaitwa JOSM. Humo kuhifadhi maana yake ni kuweka faili ndani ya kompyuta yako. Ramani ya dunia haijapata kitu mpaka ubonyeze kitufe kingine cha kupeleka. Neno ni lile lile, matokeo mawili tofauti.

Tena, programu ya kugawana kazi haiwezi kuona kilichomo ndani ya kompyuta ya mtu. Kijana anaweza kuhifadhi katika JOSM, akarudi kwenye Tasking Manager, akaandika kwa moyo mweupe kwamba mraba wote umechorwa, akazima kompyuta. Mraba umehesabiwa, na michoro yote imebaki kwenye meza ya usharika. Mhakiki akifungua atakuta pori tupu.

Hatuna uwezo wa kubadilisha vitufe vya JOSM kutoka hapa dayosisini, lakini tunaweza kuandika karatasi ya ukutani. Na juu ya kitufe cha mwisho, pale ambapo sisi ndio wenye kuchagua Kiswahili, tunaweza kumkumbusha mtu kwa maneno yenyewe: "Nimekwisha kupeleka michoro. Mraba wote umechorwa." Kitufe cha namna hii kinamfanya mtu ajiulize swali kabla kidole hakijashuka.

Kuna jambo lingine la kukumbuka kuhusu kupeleka. Kilichopelekwa kwenye OpenStreetMap kinaonekana kwa wote bila kusubiri idhini ya mtu. Kinaweza kurekebishwa, lakini historia yake inabaki, pamoja na jina la akaunti iliyopeleka. Kwa hiyo kitufe hicho kisipewe neno laini kama "Sawa" au "Tayari". Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu ajue kwamba anayamwaga, na anayamwaga wapi.

Kanuni tano za kushika

Kutokana na hayo tumeandika kanuni tano, fupi za kutosha kubandikwa ukutani.

1. Kitufe kiwe na kitendo na kitu kinachotendewa. Mfano mzuri mnao mifukoni mwenu. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, haikuandika "Tuma" peke yake wala "Toa" peke yake. Ni "Tuma pesa" na "Toa pesa". Neno "Toa" kwa mtu wa kanisa lingekuwa sadaka. Bibi ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaifuata orodha ile bila kuelekezwa na mjukuu, kwa sababu kila mstari unasema kinachofanyika na kinafanyiwa nini.

2. Vitufe viwili vinavyokaa jirani visifanane kwa sura wala kwa sauti. Visomeni kwa sauti kubwa. Kama msikilizaji aliyefumba macho hatofautishi, badilisheni kimoja.

3. Panapoulizwa swali, jibu lirudie kitendo. Mmekwisha kuona maswali ya namna hii: "Una hakika unataka kughairi?" na chini yake "Sawa" na "Ghairi". Nikibonyeza "Ghairi", nimeghairi kazi au nimeghairi kughairi? Iandikwe "Futa nilichochora" na "Rudi, niendelee kuchora". Katika toleo la nne, Tasking Manager inauliza swali zima kama mraba umechorwa kikamilifu, na majibu ni ndiyo, hapana, au picha haifai. Swali zima ni bora kuliko neno moja linaloelea, mradi mtu asome swali. Jibu linalojitosheleza ni bora zaidi, maana walio wengi husoma kitufe tu.

4. Maana isibebwe na rangi peke yake. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengi wao hawajawahi kumwambia mtu. Karatasi za mafunzo nazo huchapwa kwa wino mweusi.

5. Neno likishachaguliwa litumike lile lile kila mahali: kwenye kitufe, kwenye karatasi ya mafunzo, kinywani mwa mkufunzi na katika taarifa ya robo mwaka. Mkufunzi akisema "kipande", karatasi ikisema "eneo" na kitufe kikisema "mraba", mwanafunzi anafikiri ni vitu vitatu.

Jinsi ya kupima neno

Wajumbe wengine watauliza: nani ataamua kama neno ni zuri? Isiwe ofisi ya miradi, wala mtaalamu wa Kiswahili peke yake, na wala fundi wa kompyuta. Sisi tunaojua programu inafanya nini hatuwezi tena kusoma kitufe kama mtu asiyejua.

Njia yetu haihitaji kompyuta wala umeme. Tunaandika maneno ya kila kitufe kwenye kadi. Tunamwomba mtu ambaye hajafanya kazi hii aketi, tunampa kadi moja na kumwuliza maswali mawili tu: "Ukibonyeza hapa, kitatokea nini? Na mwenzako atakayekuja baada yako atakuta nini?" Hatumsaidii, hatumsahihishi, tunaandika maneno yake kama alivyoyasema. Watu watano au sita wa umri na kisomo tofauti wanatosha kuanzia: kijana wa kwaya, mama wa umoja wa wanawake, mzee wa kanisa, mwalimu, fundi baiskeli. Wakijibu kwa namna moja, neno limepita. Wawili wakitofautiana, neno halijapita, na hatubishani na aliyekosea kuelewa. Tunabadilisha neno.

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Watu wengi wanaweza kueleza kitufe kinawafanyia nini wao. Wachache wanaeleza kinamfanyia nini mwenzao. Na kazi hii yote ni ya kumwachia mwenzako mahali pa kuanzia.

Faida nyingine ya kadi ni kwamba watu hutoa maneno bora kuliko yetu. Tulikuwa na "Achilia mraba". Mama mmoja alisema, "Mbona kama mnamwachilia mfungwa? Semeni mwachie mwingine." Ndiyo maneno mliyoyasikia hapo juu.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila usharika wenye vijana wachoraji uchague watu sita wa kusoma kadi katika miezi mitatu ijayo, na uchanganye wanawake na wanaume, wazee na vijana. Msituletee wale wanaojua kompyuta tu. Pili, mchoraji akileta mraba ambao haukukamilika akasema wazi kwamba haukukamilika, apongezwe. Tukimsifu tu aliyeweka alama nyingi za kukamilika, tutakuwa tumewafundisha vijana kubonyeza kitufe, na hakuna neno la Kiswahili litakaloweza kuturekebisha hapo.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima na kwa uwazi. Mmekuwa wakarimu katika vifaa, na vifaa vinaonekana katika picha za taarifa. Siku mbili za watu sita kusoma kadi hazionekani katika picha, na kila mara bajeti ikibanwa ndizo zinazokatwa kwanza. Tunaomba zisikatwe. Tunaomba pia fomu ya taarifa ibadilike kidogo. Badala ya safu moja ya asilimia iliyokamilika, ziwepo tatu: miraba iliyochorwa, miraba iliyohakikiwa, na miraba iliyorudishwa ikachorwa zaidi. Safu ya tatu ikiwa na tarakimu, msiione kuwa ni dalili ya uzembe. Ina maana kwamba kuna mtu aliangalia. Taarifa isiyo na mraba hata mmoja uliorudishwa ndiyo ya kuulizia.

Tunajua kwamba mabadiliko haya yanaweza kuishusha asilimia katika robo zijazo. Miraba ambayo ingehesabiwa kwa sababu ya neno "Maliza" haitahesabiwa tena. Kamati zinazopenda kuona mstari ukipanda zitakuwa na maswali, nasi tutayajibu. Lakini heri tuwaambie leo kwamba mraba una nyumba ishirini na tano na bado, kuliko muuguzi afike mwisho wa njia akiwa na chanjo za nyumba ishirini na tano na kukuta watoto wa nyumba arobaini wanasubiri.

Kadi za kwanza ziko mezani nyuma ya ukumbi, bahasha moja kwa kila usharika. Ndani yake kuna maneno kumi na mawili na karatasi ya kuandikia majibu. Tunawaomba mzichukue kabla ya chakula cha mchana, na majibu yaje ofisi ya miradi pamoja na taarifa zenu za robo mwaka.